Jina Ulilokuwa Ukiniita

Dada Hodan,

Namba yako haipatikani tangu Ramadhani. Wasomali wenzetu wa Torino, huko Italia, nimewauliza wote; mmoja anasema umehama, mwingine hakukumbuki. Ndiyo maana naandika hapa mtandaoni, mbele za watu.

Leo kazini nimelia hadharani. Nahudumia wazee katika makao yao huku Northfield, Birmingham, Uingereza. Yuko bibi mmoja wa Ireland. Maradhi ya kusahau yamemnyang'anya Kiingereza, amebaki na Kigaeli, lugha ya kwao ya utotoni. Nilikuwa namlisha, akanishika mkono. "Cara," akasema.

Kijiko kiliniponyoka, nikatoka nikilia. Mwanawe, aliyekuja kumwona, alinifuata hadi koridoni.

"Sahra, kuna nini?"

"Mama yako ameniita mpenzi. Kwa Kiitaliano."

"Mama hajui Kiitaliano. Kwetu cara ni rafiki. Amekuita rafiki."

Ningemwelezaje, dada? Unakumbuka tulipoingia Torino, tukifua mashuka ya hoteli bila kujua hata salamu? Mama mwenye nyumba alikuwa akikuamkia, "Cara," nawe ukalichukua neno hilo ukanipa mimi. Baridi ile iliponitia homa, ulinivika koti lako, ukaenda kazini na sweta.

"Lala, cara. Mimi sisikii baridi."

Mwongo wewe! Ulirudi midomo imekuwa ya buluu.

Halafu, mimi nikiwa nimeshahamia huku Birmingham, ukanipigia simu ile ya mwisho. "Cara, niko mgonjwa. Njoo."

Nikakujibu, "Sijapewa off, dada. Labda mwezi ujao."

Kisha ukasema, "Haya, Sahra."

Sahra. Tangu Torino hukuwahi kuniita hivyo. Nilisikia, wallahi nilisikia, na bado nikakata simu nikaenda zamu.

Mwezi ujao ulifika, nikapiga. Nimepiga mpaka kidole kinajua njia chenyewe. Sili. Wanangu wananiuliza, "Mum, what's wrong?" nami najibu ni mafua.

Leo nimeomba ruhusa tena. Meneja amekataa, nikamwachia kitambulisho cha kazi mezani, sirudi. Jumatano napanda ndege. Nitaanzia kwa mama mwenye nyumba, kisha hospitali moja baada ya nyingine, na nikikosa huko nitauliza makaburini, ingawa mkono unakataa kuliandika neno hilo.

Ukiwa na hasira, nitukane. Ukiwa huna sauti, yeyote aliye karibu nawe anipigie. Lakini uwepo, dada. Nakuomba uwepo.

Mdogo wako uliyemlea