Lumakanda Pia ni Kakamega

Lurambi,
S.L.P. 2417,
Kakamega.
Jumanne, 19 Agosti 2025.

Mpendwa mwanangu Ignatius,

Pokea salamu zangu, pamoja na za nyanya yako, Kukhu Awinja, ambaye hajui kwamba nakuandikia. U hali gani? Mke wako Shantel je, na mtoto Natasha? Natumaini baridi ya Lugari haijamshika kifua huyo mdogo aliyezaliwa kwenye joto la Doha. Mvalishe soksi hata kama kuna jua. Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto huuma mvua ikitaka kunyesha, na siku hizi inanyesha kila alasiri, kwa hiyo hali yangu unaweza kuikisia.

Utashangaa kupata barua ya karatasi kutoka kwa mtu aliye mwendo wa saa mbili au tatu kutoka hapo ulipo. Simu sitaki. Kwa simu utanijibu kwa kidole gumba, kisha uniwekee kile kipicha cha mikono iliyokutanishwa, na mambo yaishie hapo. Barua hii itafika kwa mkono wa Mideva, yule mama wa kanisani kwetu anayeuza mitumba. Kila Ijumaa yeye huja soko la Lumakanda, hapo Lugari ulipo. Ndiye aliyekuona, kama hukujua.

Nianze mwanzo, maana nilikaa masjala miaka ishirini na sita na sijui kushika faili katikati. Mwezi wa saba uliniandikia kwamba mnakuja nyumbani, mara ya kwanza tangu uoe, na kwamba mtafika Kakamega Jumamosi ya tarehe kumi na sita. Ukaniuliza: mtu akishuka uwanja wa ndege wa Kisumu na mtoto wa mwaka mmoja na mabegi matatu, njia ipi ni bora ya kufika Kakamega? Swali hilo lilinifurahisha kuliko unavyodhani. Umezunguka dunia na bado kulikuwa na jambo ulilotaka kulijua kutoka kwangu.

Jambo ambalo sikukuambia ni kwamba nilikwenda kuangalia mwenyewe. Nilisafiri hadi Kisumu siku ya Jumatano, na goti hili hili, nikafika uwanja wa ndege ambao nilikuwa sijawahi kuukanyaga, nikasimama na daftari langu kwenye mlango wanapotokea abiria. Askari akaniuliza nampokea nani. Nikamwambia mgeni wangu anakuja baada ya wiki tatu. Alicheka mpaka akaniletea kiti, na tukaagana akiwa amenipa namba yake ya simu.

Niliyoyapata nilikutumia, lakini nayarudia ili uone ulichokuwa unakichezea. Teksi zinazoegesha pale pale nje ndizo za raha. Dereva anabeba mabegi, hutembei hata hatua mia, na Mbale na Chavakali pakiwa wazi uko mlangoni kwangu kwa saa moja na nusu. Ubaya wake ni kwamba dereva akimwona mtu wa ng'ambo hutaja bei kama anauza ng'ombe. Teksi za kuitwa kwa simu ni nafuu kama unaenda mjini Kisumu, lakini dereva akiona safari ni ya Kakamega anaghairi, kwa sababu anajua atarudi gari tupu. Waliniambia wenyewe, bila aibu.

Wengi hutoka kwa miguu hadi barabara ya Busia, wakachukua tuktuk mpaka Kondele, na Kondele magari ya Kakamega hayakosi. Kwa kijana mwenye begi moja, hiyo ndiyo njia. Kwa mtoto mchanga nilisema hapana. Boda boda sikuiandika hata kwa ajili ya kukujulisha tu. Mwishowe nilikuandikia kwamba iliyozishinda zote ni Probox ya jirani yetu Sylvanus, na mimi nikiwa ndani.

Hukuridhika. Ukauliza kama Sylvanus ana kiti cha mtoto. Ukauliza kama tuktuk hufunikwa mvua ikinyesha, na kama Kondele ni salama asubuhi. Yote niliyajibu. Kuna siku nilimpigia simu yule askari nikiwa kanisani, mahubiri yakiendelea, kwa sababu ulikuwa umeuliza kama pale ndani kuna mahali pa kumbadilishia mtoto nepi. Sasa naelewa kwamba ulikuwa unanipa kazi, kama vile mtoto anavyopewa kunde achambue ili asiingie jikoni. Mimi nilikuwa nimekodoa macho Kisumu, nawe tiketi ya Eldoret ilikuwa mfukoni.

Jumamosi tuliamka kabla ya jogoo kuwika, na jogoo mwenyewe hakupata nafasi ya kuwika kwa sababu alikuwa ndiye ingokho yako, kuku wa kumkaribisha mgeni. Kukhu alioga, akafunga kile kitambaa cha buluu ulichomtumia Krismasi, akaketi barazani na kusema hatanyanyuka mpaka amshike mtoto. Sylvanus aliosha gari hadi chini ya mikeka. Mimi niliandika jina lako kwa kalamu nene kwenye ubao wa katoni, kwa kuwa nilikuwa nimeona wenzangu wakifanya hivyo.

Ndege ya kwanza ikatoa watu, nikainua katoni yangu. Ya pili ikatoa watu, nikainua tena. Kufikia ya tatu, Sylvanus alinipokea hiyo katoni akainua yeye. Simu yako ilikuwa haipatikani. Niliogopa, Ignatius. Nilidhani mtoto ameugua njiani, nilidhani mmezuiwa Nairobi, nilidhani mambo ambayo sitayaandika. Yule askari wangu alizunguka kuniulizia, akarudi akaniambia kwa upole kwamba siku hiyo hakuna ndege nyingine ambayo mtu wangu atakuwemo, niende nyumbani nipumzike.

Tukiwa njiani kurudi, nilimkuta Mideva kwenye kinu cha kusagia mahindi, hapo karibu na kwetu. Akanipongeza. Akasema mtoto wangu amenenepa na ana adabu, kwamba jana yake mlikutana sokoni Lumakanda ukamnunulia soda, ukiwa na mke wako na mama yako, na kwamba mlifika Alhamisi kupitia Eldoret. Alidhani najua. Nikamjibu kwamba najua. Hata niliporudi kwenye gari sikuweza kumtazama Sylvanus.

Jioni uliwasha simu. Nilikuuliza jambo moja tu, uko wapi, na jibu lako ninalo mpaka sasa: “Sikudanganya, Shangazi. Nilisema nafika Kakamega. Lumakanda pia ni Kakamega.”

Ni kweli. Kwenye ramani ya kaunti Lumakanda ni Kakamega, kama vile Matungu ilivyo Kakamega na Butali ilivyo Kakamega. Ramani hizo nimezibeba kwa mikono yangu, nikazikunja na kuzikunjua miaka yote hiyo, wewe si wa kunifundisha. Lakini katika nyumba hii, tangu ulipojua kusema, Kakamega ni hapa. Ulipokuwa shule ya bweni ukisema unakuja Kakamega, hakuna aliyekuuliza Kakamega gani. Ulichukua neno letu la nyumbani ukalitumia kunipoteza njia. Ungenidanganya uongo wa kawaida, ningenuna siku moja na ungekuwa umesamehewa Jumapili baada ya chai.

Umenisaliti. Nimelitafuta neno jepesi kuliko hilo nikalikosa.

Sikatai kwamba Selpher ni mama yako. Alikuzaa, na baba yako, ndugu yangu, alipofariki, yeye alikuwa msichana mdogo asiye na kitu. Kwa kuolewa tena huko Lugari sikumlaumu. Nilimlaumu kwa kukuacha ukiwa na miaka minne, na tangu hapo wewe ukawa wangu. Lakini nadhani amekusimulia habari ya mwaka ule uliofanya mtihani wa darasa la nane, na kama amekusimulia, hakusema uongo. Alikuja hapa langoni na mkate na sweta. Nilimwambia umelala. Hukuwa umelala. Ulikuwa nyuma ya nyumba unasoma, na mimi nilisimama mlangoni ili usisikie sauti yake. Sweta nilimrudishia. Aliondoka akitembea kinyumenyume, kama mtu anayetaka kukumbuka nyumba, nami nikafunga lango.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote habari hiyo. Naiandika hapa kwa sababu naona huenda ndiyo iliyokufanya uogope kuniambia unapitia kwake. Kama ndivyo, ulikuwa na sababu. Lakini mimi nilimdanganya mwanamke niliyemwogopa, nikihofu atakuchukua. Wewe ulimdanganya mtu aliyekusubiri na jina lako kwenye katoni. Mambo haya mawili siwezi kuyaweka kwenye faili moja, hata nikijaribu.

Kama kuna jambo lingine la kukuhuzunisha, ni kwamba firigisi ya yule jogoo, niliyokuwekea kwenye bakuli peke yake, aliila Sylvanus. Aliitafuna taratibu bila kunitazama, nami nikamwachia.

Sasa nikupe njia, maana umezoea kuniuliza. Kutoka hapo Lumakanda, panda gari la Webuye. Ukifika Webuye badilisha, uchukue la Kakamega, ambalo litapita Butali kisha Malava. Pale Butali trekta za miwa huziba barabara, hasa asubuhi, kwa hiyo usiwe na haraka. Ukitaka kukodi gari dogo moja kwa moja, kodi hapo hapo sokoni, watakupa bei ya watu. Sylvanus anasema anaweza kuja kuwachukua, na ameniambia niandike kwamba kiti cha mtoto ameshaazima. Na kama unataka kulinganisha, kutoka uwanja wa ndege wa Eldoret hadi kwetu ni mbali kuliko kutoka Kisumu, magari unabadilisha mara mbili au tatu, lakini mtu anaweza kupumzika njiani. Nililiuliza hilo pia. Nimelichunguza jana, na nashangaa kwa nini sikulichunguza mwezi wa saba.

Sababu hasa ya kukuandikia ni Kukhu. Jumamosi hiyo niliporudi mikono mitupu alikuwa bado barazani na kitambaa chake. Sikuweza kumwambia. Nilimwambia ndege imechelewa. Jumapili nikamwambia bado imechelewa. Jana nikamwambia hali ya hewa ni mbaya huko inakotoka. Mama huyu hajawahi kupanda ndege lakini si mjinga, na mimi nimekuwa mwongo wako bila wewe kuniomba. Kila asubuhi anaoga, anafunga kitambaa, anaketi.

Leo wakati nampa uji alinishika mkono. Akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayeniagiza chumvi dukani: “Teresa, hiyo ndege ikishindwa na Kisumu, mwambie ashukie Eldoret. Mamake ako hapo Lumakanda. Alale kwake, mtoto apumzike, mama naye amuone. Ndio akuje huku. Kwani kuna ubaya gani?”

Sijui kama anajua. Nilimtazama usoni sikuona kitu. Nilichokiona ni kwamba kitu ulichokificha mwezi mzima, na kitu nilichokizuia langoni miaka kumi na zaidi iliyopita, mama huyu amekitoa bure akiwa anakunywa uji. Nilitoka nje nikalia nyuma ya choo, mahali ambapo hakuna mtu wa kuniuliza.

Barua hii utaipata Ijumaa. Jumapili mnarudi Doha, ndivyo alivyosikia Mideva. Katikati kuna Jumamosi moja.

Msalimie Shantel na umwambie simlaumu kwa lolote, yeye ni mgeni katika haya. Mbusu Natasha kwenye nyayo. Binti yangu Winrose anakusalimu kutoka chuo, na Sylvanus pia. Msalimie mama yako Selpher. Mwambie akitaka kuja pamoja nanyi, lango liko wazi, nami nitakuwa nimesimama pembeni yake.

Mungu awatangulie barabarani, awaepushe na trekta za Butali, na akupe moyo wa kusema unakokwenda kabla ya kwenda.

Kukhu ameniuliza, nami nimemwambia nitakuuliza: ndege yenu inatua lini?

Aliyekulea, aliyekukasirikia, na bado akupendaye,

Shangazi yako,
Teresa