Jiwe Lililokugonga Kichwa

14 Tanner Lane,
Ollerby,
Uingereza.
9 Juni 2004

Mpwa wangu mpendwa Nigel,

Pokea salamu za mjomba wako, nzito kama gunia la viazi. Baada ya hizo nauliza: mnaendeleaje huko Nyuzilandi? Joanne hajambo? Na Bethany, meno yamekwisha ota? Sisi tu wazima. Goti langu la kushoto ndilo lenye maneno, lakini daktari mwenyewe alikiri hajapata kuona goti lililofanya kazi kama hili na bado linapanda ngazi.

Mji ungeuona leo, ungepita ukidhani umepotea. Kiwanda cha viatu alichofanyia kazi mama yako kimekatwa vyumba vya watu wa London. Sinema ni duka la mazulia. Stesheni wananyolea nywele. Mimi silii wala sicheki, nakaa naangalia.

Mji wenyewe tuliuwahi sisi. Theluji ya mwaka sitini na tatu, wewe ukiwa kwenye nepi, nilikwenda shule kwa kupita juu ya mapaa, nikaingilia dirisha la ghorofani, na mwalimu akaniandika nimechelewa. Na yule samaki niliyemvua kwenye bwawa la kinu cha kusagia, mwenye bata mzima tumboni, mpaka leo wanamzungumza baani.

Wanamzungumza mno, kwa kweli. Ndiyo maana nakuandikia.

Kampuni moja inataka kujenga nyumba tisini kwenye Malisho ya Bata Bukini. Wanadai yako nje ya mpaka wa mji, kwa hiyo hayakuwa yetu tangu hapo. Bustani ya mama yako imo humo, maharage yake ya miaka thelathini, na majivu ya baba yako tuliyoyamwaga chini ya mtufaha. Mama yako anapalilia tu.

Jiwe la mpaka la upande huo lilizolewa walipopanua barabara, na ramani ya zamani ililoa maji. Limebaki vichwani mwa watu, na hasa kichwani mwako.

Unakumbuka Mei ya mwaka sabini, juma la Kupaa kwa Bwana? Kasisi Thurlow mbele, watoto nyuma na fimbo zetu za mierebi, tunauzunguka mpaka tukichapa kila jiwe. Na kila jiwe lina mtoto wake, anapinduliwa miguu juu, anagongeshwa kichwa taratibu, asilisahau mpaka uzeeni. Tulipofika jiwe la mwisho, ndilo hilo lako, wenzetu walikwisha timua mbio kuwahi maandazi. Tukabaki watatu: kasisi, mimi wa miaka kumi na mitatu, na wewe wa minane. Kasisi alishika mguu mmoja, mimi mwingine. Ukaniita "mbwa wee!" na kasisi akajifanya kiziwi.

Kasisi amekwisha kufa. Tumebaki wawili.

Majuzi baraza la mji lilikaa kusikiliza mashahidi. Nilivaa suti yangu ya harusi, na bado inafunga. Nikaanza vizuri. Kisha nikaona ukumbi mzima unanitegea masikio, Nigel, na unanijua. Nikasema jiwe lilikuwa kubwa kama ng'ombe, nami nililiinua kwa mkono mmoja.

Wakili wa kampuni, kijana mwenye tai nyembamba, akauliza, "Bwana Pask, na yule samaki wako mwenye bata tumboni, naye alikuwepo?"

Derek Fitch wa baani akapaza sauti kutoka nyuma, "Alikuwepo! Ndiye aliyebeba jiwe!"

Watu wakavunjika mbavu. Bi Pauline, karani wa baraza, akaweka kalamu chini.

Mama yako hakucheka. Njiani akaniambia, "Terence, ungesema jiwe. Jiwe tu. Halafu ungekaa."

Jumatatu nilirudi kwa Bi Pauline. Nikaandika mistari mitatu ya mahali lilipokuwa jiwe, bila ng'ombe. Akaitia kwenye bahasha, akaifunga mbele yangu. Amesema ikifika barua yako, zote mbili zitafunguliwa mbele ya baraza tarehe mbili Julai. Zikipatana, ushahidi umekubaliwa. Mwandikie yeye, usiniandikie mimi, na hii yangu uitie humo humo, waone sijakufundisha.

Kwa hiyo sikutajii mti, wala maji, wala upande wa jua. Andika ulichokiona kichwa kikiwa chini. Kama umesahau, andika umesahau. Usibahatishe ili kunifurahisha. Ukoo huu mtia chumvi mmoja anautosha.

Mama yako anakusalimu, anasema mvae nguo nzito. Shangazi yako Hilda naye anawasalimu, na mumewe Cyril, ambaye sasa hasikii hata ukimpigia ngoma. Nisalimie Joanne, na umbusu Bethany kwenye kila jino.

Mungu aikinge nyumba yako, na akutunzie kumbukumbu zako zote.

Ni mimi nikupendaye,
mjomba wako,
Terence Pask