Umeoa, na Hujui

Shikamoo kaka Shaaban,

Hili hakuna aliyekuambia: umeoa, nawe hujui. Simu hukaa kwa baba, ndiyo maana nakuandikia.

Huku Kondoa mvua imekata mapema na alizeti zimekauka. Bibi anakusalimu.

Siku ile uliposema kwenye simu, "Baba, mambo yangu yote nimekuachia wewe," yeye akaona umemfanya wakili wako. Ijumaa alikaa mbele ya shehe akakubali ndoa kwa niaba yako. Mkeo ni Nasra, yule jirani anayeshona nguo. Nikamwambia baba kwamba uafisa wa jeshi unaojiandalia tangu uanze chuo hawapewi waliooa.

Akacheka. "Jeshi gani linakataa sunna? Afande apikiwe na nani?"



Ukiwaambia jeshini hujaoa, utaapa uongo. Ukimwacha, Nasra ataaibika bila kosa. Nimewaza hadi nimechoka, kaka, sioni njia.

Jana alikuja kuniuliza, "Wifi, Shaaban anapenda mboga gani?" Nikamwambia mlenda, kisha tukaenda kuuchuma pamoja.

Mdogo wako asiye na ushauri,
Mwanahawa