Kanzu Nyeupe, Kanzu ya Manjano

Alhamisi, baada ya magharibi.

Rangi zimekataa kabisa kupatana. Filamu ya harusi niliyopiga mimi kwa wanaume ni ya buluu. Aliyopiga marehemu mke wangu kwa wanawake, nisikoruhusiwa kuingia, imejaa umanjano. Bwana harusi anafika mlangoni na kanzu nyeupe, akiingia ndani imekuwa kama imefuliwa kwa bizari.

Leo mama wa biharusi alikuja kutazama. "Hiyo ya manjano ikate, mwanangu. Inachusha."

"Haya, Bi Zuwena."

Inachusha! Nlikuwa nshashika mkasi nilipomwona Salma wangu humo filamuni, kwenye kioo cha kabati la biharusi, anapiga picha huku mabega yanamcheza kwa kicheko. Miaka saba ya ndoa sikuwahi kumpiga picha. Hii ndiyo yake pekee, na kamera imemficha uso.