Ile karatasi ya Pélagie bombani

Esperance, nakupigia hupokei. Soma basi.

Unaikumbuka karatasi ya "Maji ya bure, karibuni" ambayo Pélagie alibandika bombani, pale njia ya kupanda mlima wa maombi inapoanzia? Leo asubuhi mtu wa ofisi ya afya ameibandua, akaigeuza. "Mama, hii uliitoa wapi?"

Pélagie akasema aliikuta hapohapo bombani. Ilikuwa ya Kiganda, lugha asiyoijua kusoma, akadhani ni tangazo la viwanja kama yale mengine. Nyuma ilikuwa nyeupe, akaona karatasi nzuri isipotee.

Nyuma, Esperance. Aliandika nyuma yake.

Yule mtu akamsomea polepole: choo cha huko juu kinavuja, kinyesi kinaingia kwenye maji, msinywe. Tarehe ni ya wiki mbili zilizopita.

Pélagie alikuwa anawatazama watu wa mfungo wakishuka, siku tatu hawana kitu tumboni ila maji hayo. Wawili walikuwa wamebebwa.

Kisha akakaa chini, akataja jina lako.

Najua maji ya mlimani hatuyachemshi. Lile dumu alilokuletea Jumapili umnyweshe mtoto, bado limejaa?