Kurt Nyeupe Juu ya Barafu

Almaty, 2 Desemba 1997

Azhe, bibi yangu mpenzi,

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote, na nikilichelewesha hadi baada ya salamu nitaogopa kuliandika. Siogopi kuanguka, naogopa watu. Nikiingia kwenye barafu uwanja ukanyamaza, macho yote yakawa kwangu, magoti yanataka kukimbilia nyuma ya gauni lako, pale nilipokuwa najificha wageni wakija. Kocha anadhani ni baridi.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Mguu unaendeleaje na theluji hii? Ng'ombe, kondoo, wote salama? Jirani yako Kamshat bado anaazima ungo na kusahau kuurudisha? Mimi mzima. Nakula, usiulize tena kama nakula.

Tarehe ishirini ni mashindano ya taifa ya kucheza kwa kuteleza barafuni. Nimewekwa kundi moja na wakubwa. Nina miaka kumi na mitatu, hakuna mdogo kuliko mimi. Njoo, Azhe. Najua basi ni la kutwa nzima, na ngazi za uwanjani hazina huruma kwa mguu ulioangukiwa na farasi. Lakini nikiona uso mmoja tu ninaoujua, nitauchezea huo, wengine wote nitawafanya theluji.

Nakuandikia chini ya blanketi. Hapa bwenini kila kitu ni Kirusi, hata kukemewa ni kwa Kirusi. Siri zangu zinakubali kutoka kwa Kikazakh tu, na wenzangu wakinisikia nikinong'ona ninapoandika, wanacheka. Kwa hiyo nikisikia hatua mlangoni, karatasi inaingia chini ya mto.

Mjukuu wako,
Inkar


Kyzylsai, 10 Desemba 1997

Botam, ndama wangu wa ngamia,

Barua yako imefika. Nimeinusa kwanza, halafu nikaisoma. Sisi hatujambo, mifugo haijambo. Mguu unalalamika, lakini nani ana muda wa kuusikiliza? Kamshat anakusalimu. Ungo bado anao.

Nitakuja. Nilipomwambia Kamshat, akasema, "We kikongwe, unalipa nauli kwenda kutazama watoto wanaanguka?" Nikamjibu, "Mumeo anaanguka kila wiki bure, mbona hujatualika?" Tangu jana hanisemeshi, na chai yake nimeikosa kweli.

Kuogopa watu si ugonjwa, botam. Mimi siku ya harusi yangu nilishukuru kwamba nimefunikwa uso. Utakapoingia kwenye barafu utaangalia mbele, utaona kitambaa changu cheupe kichwani. Nichezee mimi tu, kama ulivyokuwa ukicheza jikoni na soksi.

Nakuletea kurt ya maziwa ya kondoo wetu, vidonge vidogo vidogo, chumvi nyingi, kama upendavyo. Nimeikausha mwenyewe juu ya paa.

Azhe wako


Kyzylsai, 23 Desemba 1997

Inkar,

Natumaini u mzima. Sisi wazima, mifugo mizima.

Sijui nianzie wapi. Ulipomaliza ukainua mikono, mimi nilikuwa nimesahau kupumua. Watu wakaanza kutupa maua barafuni, wengine midoli. Nikasema, ala, kumbe na hawa wana desturi! Na sisi furaha yetu huwa tunaimwagia shashu, vitu vya kula ambavyo watu huviokota, sasa mtoto wangu amwagiwe maua ya wageni tu? Nikainuka nikamwaga mfuko wote, kama nilivyomwaga siku ulipopiga hatua ya kwanza. Peremende, na kurt yote.

Sikufikiri kwamba kurt ni nyeupe. Nyeupe juu ya nyeupe, botam! Halafu ndipo nikamwona yule binti wa gauni jekundu amesimama pembeni anasubiri zamu yake, na vile viatu vyao vya visu miguuni. Mlinzi akapiga kelele. Wewe ukajifunika uso kwa mikono miwili, mabega yanatikisika.

Uliniita ili uwe na uso wa kuutazama, nikaufanya uso usiotazamika. Mlinzi aliponishika mkono sikubisha. Nilipanda basi jioni ile ile. Sijui kama ulishinda, na sikuthubutu kumuuliza mtu kama yule binti ameumia.

Usiniite tena mjini. Nitakuombea dua nikiwa huku huku.

Azhe wako


Almaty, 29 Desemba 1997

Azhe wangu,

Hujambo? Mguu? Mifugo? Utanijibu baadaye, soma hili kwanza: nilikuwa nacheka!

Kurt moja ilinigonga puani. Nilipoinua macho nikakuona umesimama na mfuko mtupu, kichwa juu, kama umemwoza binti kwa khan, mfalme mwenyewe. Sijawahi kucheka kwenye barafu maishani mwangu. Nilijifunika ili majaji wasione. Nilipoondoa mikono, kiti chako kilikuwa kitupu.

Hakuna aliyeumia. Wafagiaji walipita na kupita, hawaoni kitu. Ikabidi sisi wachezaji tushuke tutambae, tunapapasa barafu kwa viganja kama tumeangusha sindano. Yule wa gauni jekundu anaitwa Veronika, alikuwa ubavuni kwangu.

"Hiki nini, jiwe?" akaniuliza.

"Kula. Ya shashu ukiiokota unaila, ni bahati."

Akatafuna, akakunja uso mzima. "Mama yangu, chumvi tupu! Hivi huyu bibi wa nani anayetaka kutuua?"

Azhe, wote walinigeukia. Majaji, kocha, watu wote wale. Nikasema kwa sauti, kwa Kirusi, ili asikie hata aliyekaa nyuma kabisa: "Wangu." Na magoti yalitulia tuli.

Veronika akaingia akiwa bado analamba midomo, akacheza vizuri kuliko siku zake zote. Akawa wa pili. Wa kwanza ni mimi, Azhe. Bingwa wa nchi nzima ni mimi! Waliponivisha medali nilikitafuta kitambaa cheupe mpaka wimbo wa taifa ukaisha.

Tarehe nane Januari kuna onyesho la mabingwa. Nimekuombea kiti cha mbele. Mlinzi anasema uje tu, ila mfuko wako ataukagua. Veronika anauliza kama kurt imebaki.

Ndama wako,
Inkar


Almaty, 7 Januari 1998

Azhe wangu,

Hujambo huko? Sijapata jibu lako. Pengine theluji imefunga njia ya posta. Pengine umeniandikia ukachana. Nakujua.

Onyesho ni kesho. Kocha anasema bingwa lazima azoee kiti kitupu. Mimi sitaki kuzoea. Nimeweka peremende zangu zote za mwaka mpya kwenye soksi, maana safari hii nilitaka nikumwagie wewe. Usipokuja, nitakichezea kiti hivyo hivyo, lakini ujue kwamba

Ngoja. Kuna hatua kwenye korido. Nimeshainua mto nifiche karatasi.

Azhe, hatua hizi! Moja nzito, moja ya kuburuta. Kimya cha kupumzika. Moja nzito, moja ya kuburuta. Mlezi wa bweni anafuata nyuma, "Mama, mfuko haupandi juu kabla haujakaguliwa," na sauti inamjibu kwa Kirusi kibovu, "Kagua, mwanangu. Onja kabisa."

Mto nimeurudisha. Karatasi naiacha hapa juu ya blanketi, wazi, utaisoma mwenyewe. Naenda kufungua