Sare za Shule Yenye Kufuli

Mwaka umetimia, Mama, tangu miguu yako iache kukanyaga cherehani. Kitinda mimba wako ndiye anayeikalia sasa, na kila mteja humkumbusha kwamba mkono wa mama yake ulikuwa mwepesi zaidi.

Mtaa mzima ulikuita Mama Pindo, kwa sababu ya mapindo mapana uliyoyaacha kwenye kila sketi na kila suruali. "Mtoto anakua," ulisema, "nguo nayo iwe na mahali pa kwenda." Ulisali huku pini zimejaa mdomoni. Baba alisema ni Mungu peke yake anayekuelewa, maana yeye alishanyoosha mikono.

Mapigano yalipofika mjini na shule ikafungwa, wewe hukufunga. Uliendelea kushona sare. Jirani yako, fundi viatu, alichungulia dirishani akikuchokoza.

"Mama Pindo, akili zimehama? Unamshonea nani na shule ina kufuli?"

"Yesu alitoka kaburini, shemeji, licha ya jiwe lile. Kufuli la shule ndilo limshinde? Hebu mlete mjukuu wako nimpime."

Akacheka, akamleta. Tunamwona bado yule mtoto juu ya stuli, hatulii, nawe unamtishia kwamba asipotulia utamshonea shati la mkono mmoja.

Sare yake ilikuwa tayari risasi ilipomkuta kwenye foleni ya maji.

Ulikwenda kwa babu yake mikono mitupu, hata Biblia hukuchukua.

"Usije kuniombea hapa," akakwambia.

"Sijaja kuomba. Sogea nikae."

Mkakaa mpaka giza likaingia. Uliporudi ulilia juu ya cherehani, kisha ukatunga uzi kwenye sindano. Kitinda mimba akakuuliza kwa hasira unawezaje. Ukamjibu, "Siwezi, mwanangu. Mimi nashona tu. Kuweza ni kwa Bwana."

Kifua kikakubana, ukatutoka shule ikiwa bado imefungwa. Mazishini fundi viatu alisimama mbele ya watu wote. "Mama huyu alitudanganya," alisema. "Nilimsimamisha mjukuu wangu apimwe kwa ajili ya shule ambayo haipo."

Shule ilifunguliwa hata udongo wa kaburi lako haujatulia. Watoto wakaja mbio kuchukua sare. Wengi walikuwa wamerefuka; kitinda mimba akafumua mapindo yako, yakatosha. Walipita barabarani wakipiga kelele, na wewe hukuwapo kuwagombeza wasichafue kola. Hilo ndilo linalotukereketa, Mama. Siku uliyoisubiri ilifika, aliyekosekana ni wewe.

Zipo sare ambazo hazijachukuliwa. Wenyewe hawatakuja, na hatuna maneno matamu ya kulifunika hilo. Imani uliyotuachia haijafuta kaburi hata moja mtaani kwetu. Inatuamsha asubuhi, inatufungulia duka, inatukumbusha kwamba makaburi hayo siyo neno la mwisho la Mungu. Siku nyingine tunaisikia kwa mbali sana. Tunafungua hivyo hivyo.

Tunaokukumbuka ni mumeo, fundi baiskeli, ambaye siku hizi anasali mwenyewe, tena vibaya. Mwanao wa kwanza, dereva wa lori, na mkewe. Binti zako mapacha, wauguzi. Dada yako mpishi. Wajukuu wako wote, na kitinda mimba wako. Haipiti siku kwetu bila jina lako, wala haitapita, hadi tuonane.

Jambo moja limebaki. Jirani yako amemwambia Baba kwamba familia imwombe radhi kwa matumaini uliyompa. Wazee wa kanisa nao wanaona ingeleta amani. Tumekaa, tumeshauriana, na jibu letu ni hili: pole tunakupa, jirani, kwa moyo wote, na tutakuja kukaa nawe kila utakapotufungulia mlango. Lakini mama yetu alitumaini, akakugawia na wewe. Kwa hilo hatuombi radhi.